Wanaobishana juu ya Roketi Wasinyamazishwe

Yako maneno ambayo wazee wa vijiji vya machimbo hupenda kuyatumia wakitaka kuwanyamazisha vijana, nasi tumeyasikia mara nyingi kiasi cha kutuchosha. Huko Nyarugusu, katika Wilaya ya Geita, kazi ya duara na karasha ikiisha, vijana hukusanyika penye kibanda cha kuchajia simu, wakaanza kubishana. Mmoja ashikilia kwamba roketi kubwa ya kampuni ya SpaceX itamfikisha binadamu katika sayari ya Mirihi kabla wao hawajazeeka. Mwingine akataa katakata, asema mwili wa mtu hauwezi kuvumilia safari ya miezi mingi namna ile. Wa tatu awaacha hao na roketi zao, aeleza kwa nini simu ya mwaka juzi yaishinda hii mpya. Wa nne yumo katika gemu, wala hasikii. Basi apita mzee mmoja, mtu wa heshima zake, awauliza: "Huko Mirihi mtakwenda na mguu upi, na hapa maji mwanunua kwa ndoo?" Watu wakacheka, na mjadala ukafa palepale.

Sisi hatucheki.

Twajua mzee huyo alikoyapata maneno yake. Wengi wa rika lake wakumbuka usemi unaonasibishwa na Mwalimu Nyerere, kwamba wakati mataifa mengine yanajitahidi kufika mwezini, sisi tungali twajitahidi kufika vijijini. Usemi huo ulikuwa wa haki kabisa kwa wakati wake. Wamarekani walipoukanyaga mwezi, mwezi Julai 1969, Tanganyika ilikuwa haijatimiza miaka minane tangu ipate uhuru, na vijiji vingi vilikuwa havina barabara, wala zahanati, wala mtu wa kusoma barua. Kiongozi yeyote mwenye akili angeliona kwamba kazi yake iko chini, si juu. Lakini usemi uliokusudiwa kuhimiza kazi ukigeuzwa kuwa kifuniko cha kuzibia midomo ya vijana, hapo umeharibiwa. Na tena mambo yamebadilika. Leo njia ya kufika kijijini yapita angani. Hatusemi hivi kwa kupenda mafumbo. Tutaeleza, na tutaanza na jambo ambalo kila mchimbaji wa Nyarugusu alijua kwa uchungu, yaani mpaka.

Mchimbaji mdogo wa Tanzania huchimba kwa leseni ndogo, ile ambayo kwa sheria hupewa Mtanzania peke yake, na ambayo kwa madini kama dhahabu eneo lake halizidi hekta 10. Zamani mpaka ulikuwa mti, au kichuguu, au jiwe lililopakwa chokaa. Leo mpaka ni nambari. Kila pembe ya eneo huandikwa kwa latitudo na longitudo, kwa digrii, dakika na sekunde, na nambari hizo ndizo zikaazo katika kumbukumbu za Tume ya Madini. Mti waweza kukatwa, na jiwe laweza kuhamishwa usiku, nambari haihamishwi. Hilo ni jambo jema, wala hatutaki kurudi kwenye vichuguu. Lakini nambari haiongei. Hapana budi isomwe juu ya ardhi na kifaa cha GPS, nacho kifaa hicho hakijui lolote ila kile kinachoambiwa na setilaiti zinazoizunguka dunia kwa urefu wa kilomita zipatazo 20,000. Hivyo mchimbaji aliyesimama na sururu yake akiuliza "kwangu panaishia wapi?" huwa anauliza mbinguni, apende asipende.

Sasa tuangalie ukubwa wa jambo lenyewe. Sekunde moja ya latitudo ni kiasi cha mita 31 ardhini. Mwandishi wa fomu akikosea sekunde moja tu, mpaka umesogea mita 31, na mita 31 katika nchi ya dhahabu zaweza kumtenga mtu aliyeupata mshipa na mtu atakayechimba mawe matupu mpaka watoto wake wakose ada. Na lipo kosa kubwa kuliko hilo, ambalo halionekani kwa macho. Ramani za zamani za nchi yetu, zilizoanzwa na wapimaji wa Kiingereza na kuendelezwa baada ya uhuru, zimefuata mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960. Setilaiti za GPS zafuata mfumo mwingine, uitwao WGS 84. Jiwe lilelile, mahali palepale, huwa na nambari hizi katika mfumo mmoja na nambari nyingine katika mfumo wa pili. Na tofauti ya mifumo hiyo miwili katika nchi yetu hufikia mita zipatazo 300, hasa kwa upande wa kaskazini na kusini. Msomaji na apige hesabu. Hekta 10, zikiwa mraba, kila upande wake ni mita 316. Maana yake ni kwamba mtu akizichukua nambari za mfumo mmoja na kuziingiza katika kifaa kilichowekwa mfumo wa pili, hatakosea kwa hatua mbili tatu. Atakuwa karibu ameitoka leseni nzima, amesimama katika duara la jirani, na kifaa kinamwambia kwamba yuko kwake.

Watu wawili wa namna hiyo wakikutana, kila mmoja na kifaa chake, kila mmoja ameshika karatasi halali, wote wawili wataapa kwamba mwenzake ni mwizi. Mapanga yatatafutwa. Kumbe hapana mwizi. Pana kitufe kimoja katika kifaa ambacho hakuna aliyefundishwa kukibonyeza.

Yule kijana ajuaye kubadili mfumo wa kifaa, na kueleza kwa Kiswahili kwa nini amebadili, huyo ana faida kwa kijiji kuliko walinzi kumi wenye marungu. Na kijana huyo hupatikana wapi? Yumo katika kikundi kilekile kilichochekwa penye kibanda cha kuchajia simu. Mtu aliyezoea kubishana juu ya njia ya roketi, pembe ya kurushia, na kwa nini setilaiti haianguki, huyo hahitaji miaka mitatu kufundishwa mambo ya pembe za leseni. Huhitaji wiki moja na mwalimu mvumilivu. Mwenye fedha hana shida hii, kwa sababu humwajiri mpimaji wake akaja na gari. Mwenye sururu ndiye huambiwa "sogea" akasogea, kwa kuwa hana wa kumsomea. Ndiyo maana twasema kwamba habari za anga kwa Nyarugusu ni habari za haki ya mfanyakazi, kama vile mizani ya mnunuzi wa dhahabu ilivyo habari ya haki. Soko la madini la Geita lilipofunguliwa mwaka 2019, wengi walilishangilia kwa kuwa mizani ilitoka mafichoni ikawekwa mezani. Mizani ya mpaka bado iko mafichoni.

Mjadala ukiachwa uendelee utafika wenyewe penye swali la mwenye mali, na hapo ndipo tungependa wanachama wetu wausikilize kwa makini. GPS ni mali ya jeshi la Marekani. Hadi mwaka 2000 jeshi hilo lilikuwa likiziharibu makusudi ishara zinazopokewa na raia, hata kifaa kikaweza kukosea kwa mita 100. Ndipo tarehe 1 Mei ya mwaka huo, Siku ya Wafanyakazi (twaitaja kwa kupita tu), Rais Clinton akatangaza kwamba uharibifu huo unakoma. Warusi wana mfumo wao, GLONASS. Nchi za Ulaya zina Galileo. Wachina waliukamilisha wa kwao, BeiDou, mwaka 2020. Simu nyingi za leo husikiliza mifumo kadhaa kwa pamoja bila mwenyewe kujua. Afrika haina hata mmoja. Mchimbaji wa Geita hutumia ukarimu wa majeshi ya watu wengine kujua mwisho wa shamba lake, na ni vizuri ajue hivyo, asije akadhani kwamba nambari zimeota kama uyoga.

Wale wapendao elimu kwa ajili ya elimu nao wana lao la kuzungumza hapa. Saa zilizomo katika setilaiti hizo hukimbia mbele ya saa zetu kwa sehemu 38 za milioni moja ya sekunde kila siku, kwa sababu zilizoelezwa na Einstein zaidi ya miaka 100 iliyopita. Tofauti hiyo isiporekebishwa, kosa la mahali lingeongezeka kwa kilomita zipatazo 10 kwa siku. Kwa hiyo mwanafunzi wa sekondari ya Nyarugusu akiulizwa Einstein anamhusu nini, na ajibu kwamba bila yeye leseni ya baba yake ingekuwa ziwani kabla ya wiki moja kwisha.

Kuuliza "chombo hiki ni cha nani?" si jambo jipya katika nchi hii. Mwaka 1960 Waingereza, waliokuwa wameishika Zanzibar kwa jina la ulinzi, walipatana na Wamarekani kijengwe Unguja kituo cha kufuatilia vyombo vya anga, katika mpango wao ulioitwa Mercury. John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, alipita juu ya bahari yetu, na kituo cha Unguja kilikuwa miongoni mwa vile vilivyomfuatilia kwa redio. Vyama vya siasa vya Visiwani vilikibishania kituo hicho kwa ukali, na wako walioandamana wakisema kwamba ni ngome ya makombora. Makombora hayakuwapo. Lakini hatutawaita waandamanaji wale wajinga, kwa sababu swali lao lilikuwa swali la watu wazima: kitu hiki ni cha nani, kimewekwa kwa faida ya nani, na sisi tumeulizwa lini? Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, Serikali mpya ilitaka kituo kiondolewe, na mwaka uleule kikafungashwa kikaondoka. Huo ulikuwa mjadala wa anga katika Kiswahili, barabarani, kabla ya wengi wa vijana wa leo na hata wazazi wao kuzaliwa. Anayesema mambo haya si ya watu wetu hajui historia ya watu wetu.

Upande wa Kenya nako yako ya kujifunza. Waitalia walisimamisha majukwaa baharini karibu na Malindi, wakayaita San Marco, na kati ya mwaka 1967 na mwaka 1988 wakarusha kutoka hapo setilaiti kadhaa. Mojawapo iliondoka tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, na kwa ajili ya siku hiyo Wamarekani waliyoitengeneza wakaipa jina la Kiswahili, wakaiita Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutumwa mahsusi kuchunguza miali ya eksirei itokayo katika nyota. Iliorodhesha vyanzo 339 vya miali hiyo, na kazi yake ilisaidia sana kuwasadikisha wataalamu kwamba yako mashimo meusi angani. Kiongozi wa wanasayansi wake, Riccardo Giacconi, alitunukiwa tuzo ya Nobel mwaka 2002. Basi neno letu limo katika vitabu vya elimu ya nyota vya ulimwengu mzima. Jina lilikuwa letu na bahari ilikuwa yetu. Elimu ilikwenda kwa waliokuja na vyombo vyao.

Majirani wameanza kulirekebisha hilo. Uganda ilipata setilaiti yake ndogo, PearlAfricaSat-1, mwaka 2022, nayo ilijengwa na vijana wa Kiganda waliofunzwa Japani. Kenya ilirusha Taifa-1 tarehe 15 Aprili 2023, kwa ajili ya kuchungulia mashamba na mazingira. Zote mbili zilipandishwa na roketi za Marekani, lakini mtu huanza kwa kupanda gari la mwenziwe. Kwa upande wetu, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza mwaka 2023 kwamba Tanzania nayo inajiandaa kuwa na setilaiti yake. Sisi twaunga mkono, kwa sharti moja ambalo hatutalificha: picha zake zitakapoanza kushuka, zisikae katika ofisi za Dodoma zikingoja wageni. Picha za setilaiti za Ulaya zionyeshazo ardhi kwa vipande vya mita 10 hutolewa bure kwa yeyote mwenye intaneti, na kijana wa Nyarugusu mwenye simu aweza kuziona leo, akahesabu jinsi misitu inavyopungua kwa kukatwa matimba ya kushikizia maduara. Ikiwa mgeni ametupa bure, wetu asitunyime.

Sasa tuwageukie vijana wenyewe, maana hatukukusudia kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mabishano yao yana dosari. Wao hubishana kama wanunuzi. Simu ipi ina kamera kali, saa ipi huhesabu mapigo ya moyo, gemu ipi imetoka. Mtu aweza kubishana hivyo miaka 20 na asiwe na kitu ila deni dukani. Hata kuhusu roketi, hushangilia kama washangiliavyo timu za Uingereza, huyu upande wa SpaceX, yule upande wa Wachina, wala hapana aulizaye ndani ya vyombo hivyo mna nini.

Mna dhahabu. Ndani ya kila simu mna chembe za dhahabu katika viungo vya umeme, kwa kuwa dhahabu haishiki kutu na hupitisha umeme vizuri. Kofia ya mwanaanga ina utando mwembamba wa dhahabu mbele ya macho ili jua la huko lisimpofushe. Darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, ina vioo 18 vilivyopakwa dhahabu, kwa sababu dhahabu huirudisha vizuri miali ya joto itokayo katika nyota za mbali. Na dhahabu yote ya vioo hivyo haifiki gramu 50, donge ambalo mtoto angelificha katika kiganja. Hatusemi kwamba ilitoka Geita. Dhahabu ikishayeyushwa haina kabila. Twasema tu kwamba yule aliyetoa jiwe futi mia chini ya ardhi, akalibeba, akalisaga, ana haki ya kusimama mbele ya picha za darubini ile na kusema "na sisi tumo". Ndugu zetu wa Kivu wangeweza kusema vivyo hivyo kwa machungu zaidi. Mwaka 2000, simu zilipokuwa zikienea na PlayStation 2 ilipotoka, bei ya madini ya koltani ilipanda kwa kishindo, na watu wenye bunduki wakakimbilia machimbo ya mashariki ya Kongo. Kijana achezaye gemu katika kibanda cha Nyarugusu ameshika mkononi historia ya mchimbaji mwenziwe.

Kuhusu gemu zenyewe hatutasema mengi. Wako wanaotaka zipigwe marufuku, nasi hatukubaliani nao. Watu wetu wamecheza bao tangu zamani, na hapana aliyeona kwamba kuhesabu kete kunaharibu akili. Marubani wa ndege hufunzwa kwanza katika mashine za kuigiza, ambazo ni ndugu wa damu wa gemu, na katika migodi mikubwa ya ulimwengu madereva wa magari ya mawe hufunzwa vivyo hivyo. Tunachokichukia ni kubeti. Hiyo si gemu. Ni mtego wa kumnyang'anya mchimbaji kwa jina la burudani kile alichokwisha kunyang'anywa nusu yake na mnunuzi, na anayeichanganya na gemu humtetea mwenye mtego.

Kuna jambo moja zaidi ambalo lingewapasa wapenzi wa vifaa kulijadili usiku kucha, na twashangaa kwamba hawalijadili. Setilaiti zote hizo zinazomwona mtu popote alipo juu ya ardhi, hazimwoni aliye chini. Ishara zao ni dhaifu mno, haziwezi kupenya mwamba. Mchimbaji akishuka duarani hatua chache tu ametoweka katika ramani zote za dunia. Mwezi Januari 2017 wachimbaji 15 walifukiwa na kifusi mgodini huku huku Nyarugusu. Waliokolewa wote, hai, baada ya siku kadhaa za watu kuchimba bila kupumzika, na nchi nzima ilishukuru. Lakini si kila mara mambo huisha hivyo katika maduara yetu, na kila mchimbaji anao majina ya watu ambao hawakutoka.

Hapa anga na shimo hukutana kwa namna ambayo wengi hawaijui. Mwaka 2010 wachimbaji 33 walifungiwa katika mgodi wa San José nchini Chile, karibu mita 700 chini, wakakaa humo siku 69. Serikali ya Chile iliwaita, miongoni mwa wengine, wataalamu wa NASA. Kwa nini watu wa roketi? Kwa sababu wao ndio walioichunguza miaka mingi hali ya watu wachache waliofungiwa mahali padogo, mbali, bila mchana wala usiku: wale nini, walale saa ngapi, wasichokozane vipi. Wakatoa pia ushauri juu ya umbo la kile chombo chembamba kama kombora ambacho jeshi la majini la Chile lilikitengeneza, na ambacho kiliwapandisha wote 33 mmoja mmoja. Elimu iliyokusudiwa kumpeleka mtu juu ndiyo iliyomtoa mtu chini. Atakayewacheka tena vijana wetu kwa kujadili jinsi mwanaanga anavyopumua, na akumbuke kwamba mtu aliye ndani ya duara refu hupumua kwa shida zilezile: hewa kidogo, gesi asiyoiona, na hana wa kumfungulia mlango. Kipima gesi ni kifaa kidogo cha mkononi. Tungefurahi kusikia mabishano makali juu ya kipima gesi kipi ni bora.

Na pia juu ya kile chungu cha kukamatia mvuke wa zebaki. Lile jina la mpango wa Unguja, Mercury, kwa Kiingereza ndilo jina la zebaki pia, na sisi tumelazimika kutabasamu kidogo kwa kuona kwamba Mercury moja ilifukuzwa nchini mwaka 1964 na nyingine ingali imekaa katika mialo yetu, inachomwa juu ya moto wa mkaa, mara nyingine uani, watoto wakiwa karibu. Mvuke wake huharibu fahamu na figo, na humdhuru mtoto aliye tumboni. Tanzania iliuridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020. Hapo jirani, Lwamgasa, mradi wa Umoja wa Mataifa ulikuja miaka ya 2000 kuonyesha vyungu vya kuchomea vilivyofungwa, ambavyo hurudisha zebaki kuwa maji badala ya kuiachia hewani. Na leo Lwamgasa ipo kituo cha mfano cha STAMICO kinachochenjua dhahabu kwa njia isiyotegemea zebaki. Chungu cha namna hiyo chaweza kutengenezwa na fundi wa mabomba kwa vipande vya bomba la maji. Hakina kioo, hakina kamera, hakina matangazo ya biashara. Pengine ndiyo sababu hakijadiliwi.

Kazi ya Chama katika haya yote iko wazi, nasi hatuoni kwa nini ingoje maagizo kutoka juu. Ofisi ya Chama ya kata si mahali pa kukalia wakati wa uchaguzi tu. Kamati za Siasa za kata za machimbo, kuanzia Nyarugusu na Lwamgasa, ziwaite vijana hao wabishi kwa majina yao, ziwape chumba na umeme, na ziwaambie wabishane hapo, mbele ya wazee. Umoja wa Vijana ushike jambo hili mkononi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi, na asilimia 4 ni ya vijana. Fedha hizo mara nyingi huombwa kwa pikipiki na kuku. Hatuzidharau pikipiki, wala kuku. Lakini kikundi cha vijana watano wenye GPS nzuri, kipima gesi, na ujuzi wa kuvitumia, kingeweza kuwahudumia wenye leseni wote wa kata kwa ada ndogo, kikalipa deni lake, na kikazuia kesi ambazo sasa humla Afisa Madini Mkazi siku zake zote. Vyuo vya VETA na wataalamu wa Taasisi ya Jiolojia wako. Waombwe waje wiki moja.

Mwanzo wake si mgumu. Kikundi kiende kwa mguu hadi kwenye mawe ya upimaji ya Serikali yaliyomo katika kata, yale ambayo nambari zake zinajulikana. Kisome kila jiwe kwa kifaa chake, mara moja katika Arc 1960 na mara moja katika WGS 84. Nambari zote mbili ziandikwe kwa herufi kubwa, pamoja na tofauti yake kwa mita, katika ubao uliopigwa misumari ukutani nje ya ofisi ya kata, mahali ambapo mwenye duara yeyote, awe na fedha au asiwe nazo, aweza kusimama na kifaa chake akakisahihisha kabla hajakwenda kumwita jirani yake mwizi.